Kelele za Nyuma

Siku ya kuanua matanga ya Yeremia, vitu vyake vilitandazwa juu ya mkeka mbele ya nyumba ya mama yake pale Kinyangiri, na ukoo ukakaa kuuzunguka. Havikuwa vingi. Baiskeli, koti la baridi, redio yenye spika mbili, viatu vya kanisani, kompyuta iliyopasuka kioo, na kijibati cheusi chenye waya mfupi, kisichozidi ukubwa wa kiganja. Katika ukoo ule ndugu wa kiume huchagua kwanza. Kisha rafiki wa kushibana wa marehemu hupewa nafasi achukue kitu kimoja cha kumkumbukia mwenzake. Dada husema mwisho, kama kimebaki cha kusemea.

Baiskeli ilishachukuliwa Fredrick, rafiki mwenyewe, alipoitwa, na kila mtu alijua atanyanyua redio. Ilikuwa redio nzuri. Yeye akaipita, akainama, akaokota kile kijibati.

"Hicho tu?" aliuliza baba mdogo Simeoni, aliyekuwa akiongoza kikao.

"Kinanitosha, baba. Humu ndimo iliko kazi tuliyofanya na Yere. Nitaimalizia."

"Chukua na redio basi, mwanangu. Hicho hata kuku hawezi kunywea maji."

Watu wakacheka, lile cheko dogo la msibani linalokatika kabla halijafika mbali. Fredrick akatikisa kichwa, akarudi kwenye kiti chake. Wazee wakamsifu mpaka akaona haya. Walisema vijana wa mjini wenye moyo wa namna ile wamebaki wa kutafuta kwa tochi. Redio akaichukua baba mdogo mwenyewe.

Martina, dada yake Yeremia, alikuwa amekaa chini pamoja na mama yao, mgongo ukutani. Yeye peke yake katika ndugu wote ndiye aliyejua mle ndani mna nini. Alifungua mdomo, kisha akaufunga, kwa kuwa zamu yake ilikuwa haijafika. Ilipofika, kijibati kilishaingia mfukoni mwa mtu. Akachagua koti la baridi.

Fredrick alimfuata jikoni.

"Dada Martina, nimekuona ulivyoniangalia. Usiwe na wasiwasi. Humu yumo Yere mzima, na siku ya kujengea kaburi nitawaletea. Mtamsikia hapahapa uwanjani, mama naye amsikie."

"Kweli, Fredi?"

"Haki ya Mungu."

Alimwamini. Angeachaje kumwamini? Huyu ndiye aliyembeba Yeremia mgongoni kutoka kitandani hadi kwenye bajaji, siku ambayo miguu ilikataa. Huyu ndiye aliyekuwa akimnyoa ndevu hospitalini.

*

Yeremia na Fredrick walikuwa na chumba cha kazi huko Mandewa, Singida mjini. Kuta zake walizifunika mablanketi na trei za mayai ili sauti isigonge. Kazi yao ilikuwa kutafsiri filamu. Mtu anakaa mbele ya maiki, anaangalia filamu ya kigeni, na anasema Kiswahili juu yake, sauti ya mzee, ya mtoto, ya jambazi, zote mwenyewe. Filamu zikishatafsiriwa zinakwenda kwenye vibanda vya video na kwenye flashi za watu.

Walianza na Wachina na Wahindi kama kila mtu. Kisha zikaja tamthilia za Kithai, na hapo ndipo Yeremia alipoharibika, kama Fredrick alivyopenda kusema kwa utani. Watafsiri wengine wimbo ukiingia kwenye filamu huuruka, au hupiga soga juu yake mpaka uishe. Yeremia hakuweza. Wimbo ukianza alisimamisha kazi, akairudisha filamu nyuma, akasikiliza tena.

"Dada, hebu njoo umsikie huyu mama," alimwambia Martina siku moja alipokwenda kumpelekea unga. "Simwelewi hata neno moja, lakini huyu yuko shambani. Huyu ni mtu wetu."

Martina alisikiliza. Sauti ya yule mama ilipanda, ikafika juu, na mwishoni kabla ya kushuka ikapinda na kutetemeka kooni, kama mtu anayezuia kilio asionekane na wageni.

Basi Yeremia akatafuta. Mtandaoni alimpata mzee mmoja wa Khon Kaen, ile nchi kavu ya kaskazini-mashariki ya Thailand, muuza kanda za zamani, wakawa wanaandikiana kwa Kiingereza cha kuungaunga. Mzee yule ndiye aliyemwambia kuwa nyimbo zile huitwa luk thung, maana yake mtoto wa shamba. Kwao mvua ni ya kubahatisha, vijana wakavuna kidogo kisha wakaondoka kwenda Bangkok kuwa vibarua, na nyimbo zikawafuata kwa redio mpaka kwenye vyumba vyao vya kupanga. Mjini walizikuta nyimbo nyingine za kistaarabu, zilizoimbwa kwa sauti laini na mabwana waliopiga viatu rangi. Hizo zikaitwa za mtoto wa mjini, na mtoto wa mjini alimcheka mtoto wa shamba kwa lafudhi yake.

Baadaye vijana wa Bangkok wakasikia magitaa ya umeme ya Waingereza na Wamarekani. Wakaunda bendi zao, wakaimba kwanza ya wageni kisha ya kwao. Zikafuata nyimbo za wanafunzi waliowatetea wakulima, zikaja kanda, zikaja kampuni kubwa za kutengeneza nyota, mpaka leo, vijana wanaocheza kwa pamoja kama waliofungwa uzi mmoja, nywele rangi zote, na dunia nzima inawatazama kwenye simu.

Yeremia alikuwa na hoja yake juu ya hayo yote, na alimchosha nayo kila aliyeingia kwenye kile chumba.

"Ondoa ngoma za kompyuta," alisema. "Ondoa nywele za kijani. Sikiliza ile sauti inavyopinda mwishoni. Chini yake utamkuta mtoto wa shamba amekaa kimya, hajaenda popote."

"Na sisi hapa chini yetu kuna nani?" Fredrick alimtania.

"Chini yako wewe kuna trei za mayai."

Kutokana na maneno hayo akatengeneza kipindi chake mwenyewe, sehemu kwa sehemu, akakiita Safari ya Mtoto wa Shamba. Alisimulia historia ya muziki wa Wathai kwa Kiswahili cha kwetu, akaweka vipande vya nyimbo, akavifafanua. Alianza kila sehemu kwa kusema yeye ni mtoto wa Kinyangiri, na kwamba utotoni yeye na dada yake walikuwa wakiamia ndege, kuwafukuza wasile nafaka, katika shamba la uwele la baba yao. Ndiyo maana, alisema, siku aliyosikia luk thung mara ya kwanza hakuhitaji mkalimani.

Hilo lilikuwa kweli. Uwele ukikaribia kukomaa, ndege walishuka kama mchanga uliorushwa. Baba yao alijenga madungu mawili, vibanda vya miti vya kulindia, moja juu ya shamba, jingine kule chini karibu na korongo. Martina alikaa la juu, Yeremia la chini, na ili wasisinzie wakawa wanaimbiana. Martina anauliza kwa kuimba, Yeremia anajibu. Jibu lilipofika juu, baada ya kupita kwenye uwele wote ule, lilikuwa limekonda mpaka ukaweza kudhani umejisemea mwenyewe moyoni.

Wimbo wa kufunga ile safari Yeremia aliutunga mwenyewe kwa mtindo wa luk thung, mwanamke na mwanamume wakijibizana. Alitaka sauti ya Martina na hakutaka nyingine.

"Mimi ni wa kwaya, Yere. Mwinjilisti akisikia?"

"Atasikia unaita ndege waondoke. Hiyo ni dhambi?"

Siku waliyourekodi, figo zilikuwa zimeshamlaza. Hakuweza kukaa. Walimtandikia godoro sakafuni, Fredrick akamshushia maiki karibu na mdomo, na Martina akasimama na maiki yake upande wa pili, karibu na meza ya kompyuta alipokaa Fredrick. Kila maiki iliingia kwenye kompyuta kwa njia yake, na sauti ya kila mmoja ilitunzwa peke yake mle kwenye kijibati, kama maziwa ya ng'ombe wawili kwenye vibuyu viwili.

Martina aliimba:

*Uwele umeiva, ndege wamejaa,*
*wewe uko wapi nikikuita?*

Na kutoka sakafuni Yeremia akajibu:

*Niko mbali, dada, kwenye mji wa taa,*
*wewe imba tu, nitakuitika.*

Waliimba mara moja tu. Ya pili hakuiweza. Mwezi ule haukuisha, akafariki.

*

Baada ya matanga Martina alikuwa akimpigia Fredrick simu. Mwanzoni alipokea upesi.

"Nasafisha, dada. Sauti haisafishwi kwa pupa."

"Nitumie hata kipande, Fredi. Mama anasema ameanza kuisahau sauti yake."

"Subiri siku ya kaburi. Nataka mkisikia msikie kitu cha maana."

Kisha akawa anapokea kwa kuchelewa, kisha anatuma ujumbe kwamba yuko kazini. Martina hakukasirika. Alijisemea kuwa kijana wa watu naye ana msiba wake, pengine kila akifungua ile mashine anashindwa.

Redempta, jirani yao anayepeleka vitunguu Singida mjini, alirudi siku moja na habari.

"Wee Martina! Kumbe unaimba ya dunia! Nimekusikia kwenye bajaji, nikamwambia dereva huyu ni jirani yangu, akakataa. Na huyo mchumba wako ana sauti nzito kweli."

"Mchumba gani? Ni Yere yule."

Redempta alimwangalia kidogo, akahamisha kikapu mkono mwingine. "Haya," alisema. "Labda spika za bajaji."

Martina aliingia ndani akamwambia mama yake kwamba Fredi amekwisha kuanza kazi, Yere anasikika mpaka kwenye bajaji za Singida. Mama alifurahi. Alifurahi siku kadhaa.

*

Siku ya kujengea kaburi Fredrick alifika na gari la kukodi, spika mbili ndefu nyuma, shati jeupe limenyooshwa. Alimpigia mama magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemleta?"

"Nimemleta, mama."

Mwinjilisti aliomba, mafundi wakasawazisha saruji, msalaba ukasimamishwa. Watu wakarudi uwanjani, na baba mdogo Simeoni akatangaza kwamba sasa rafiki wa marehemu ana jambo. Mama alisogezewa kiti mbele kabisa. Martina akasimama nyuma yake, mikono kwenye mabega ya mama.

Kinanda kikaanza, kile kinanda alichokipiga Yeremia mwenyewe kabla figo hazijamlaza. Martina alikitambua kabla hakijafika katikati, akayabana mabega ya mama. Kisha sauti ikasema:

"Mimi ni mtoto wa Kinyangiri. Nikiwa mdogo, mimi na dada yangu tulikuwa tukiamia ndege katika shamba la uwele la baba yetu..."

Yalikuwa maneno ya Yeremia, yote, hata lile tuo lake kabla ya kusema "baba yetu". Sauti ilikuwa ya Fredrick.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza.

"Ni Fredi, mama."

"Anamkaribisha?"

"Nadhani anamkaribisha."

Walisubiri. Sauti ya Fredrick ikasimulia mtoto wa shamba na mtoto wa mjini, mzee wa Khon Kaen na kanda zake, magitaa ya umeme. Ikafanya na utani wa Yeremia wa nywele za kijani, na vijana waliosimama pembeni wakacheka palepale alipotaka Yeremia wacheke. Martina alihesabu jamaa zake kwa macho, mmoja mmoja, akitafuta aliyeona anachokiona yeye. Wengi wao hawakuwahi kufika Mandewa. Kwao ilikuwa kijana mpole anasema maneno mazuri kwenye spika kubwa.

"Yere anaanza lini?" mama aliuliza tena.

Wimbo ukaingia, na ilikuwa sauti ya Martina mwenyewe inayotoka kwenye zile spika, kubwa kuliko alivyowahi kuisikia, ikiuliza uko wapi nikikuita. Aliyemjibu ni Fredrick. Niko mbali, dada. Alimjibu kwa sauti nzito, nzuri, iliyoshiba.

Watu wakapiga makofi. Baba mdogo Simeoni alipangusa macho kwa leso. "Kijana amemuenzi mwenzake," alisema. "Amemuenzi kweli."

Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio kuelekea spika. Akamshika Martina mkono.

"Nyuma ya huyu kuna mtu."

"Hakuna, mama."

"Yupo. Yuko mbali."

Martina alidhani ni uchungu unaosema. Akamwinua mama taratibu, akamwingiza ndani.

Aliporudi, chakula kilikuwa kinapakuliwa, na aliyepaswa kuwanawisha wageni ni yeye, dada wa marehemu. Alipita na jagi na beseni toka mtu hadi mtu mpaka akafika kwa Fredrick. Akammiminia maji mikononi. Alimmiminia mpaka vidole vikatakata.

"Yere yuko wapi, Fredi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Dada, hapa kuna watu. Njoo Mandewa tuongee vizuri." Akakung'uta mikono. "Asante, dada."

Martina akaenda kwa mgeni aliyefuata.

*

Kule Mandewa mlango ulikuwa umepakwa rangi mpya, na juu yake maandishi: FREDI MTOTO WA SHAMBA. Trei za mayai zilikuwa palepale. Pale lilipokuwa godoro sasa paliwekwa kiti cha kuzunguka.

Fredrick alimkaribisha soda. Hakuigusa.

"Nieleze," alisema.

"Dada, usinione vibaya. Redio ya mjini niliwaeleza habari ya kipindi, wakakipenda. Wakasema mwenye kipindi aje studio, wamhoji, aendelee kila wiki. Ningewapeleka kaburini?"

"Ungewaambia amekufa."

"Wangesikitika siku moja, halafu wangefunga. Unawajua watu wa redio? Kazi ingekufa naye. Sasa hivi mpaka Itigi watu wanajua luk thung ni nini. Si ndicho alichokuwa anataka?"

"Unasema wewe ni mtoto wa Kinyangiri."

"Ni maneno ya kipindi tu, dada."

"Unasema mimi ni dada yako."

Fredrick aliangalia chini. Bajaji ilipita nje, ikapiga honi, ikaenda.

"Za kwake ziko wapi?" Martina aliuliza. "Sitaki redio, sitaki kipindi. Nipe za kwake nikampe mama."

Fredrick akakigeuzia kiti kwenye kompyuta, na Martina akajua kabla hajasema.

"Nilizifuta."

"Zipi?"

"Kila nilipomaliza kurekodi sehemu, niliifuta ile ya kwake. Nisije nikachanganya nikawatumia isiyo yenyewe."

"Zote?"

"Zote, dada." Akaongeza kwa haraka, kama mtu anayetoa kitu cha mwisho mfukoni, "Sikuweza kufanya kazi akiwa humu ananisikiliza. Nikifungua tu, anacheka, anakohoa, ananiita Fredi. Ungekuwa wewe ungeweza?"

"Ulimbeba mgongoni," Martina alisema. Ndilo neno pekee aliloliona mbele yake.

"Nilimbeba."

"Ulimnyoa ndevu."

"Nilimnyoa." Macho yake yalikuwa na maji, na hilo ndilo lililomkera Martina kuliko yote, kwamba yalikuwa maji ya kweli. Fredrick akayapangusa kwa mkono wa shati, akavuta kiti karibu. "Dada, nina jambo nilitaka nikuombe, na pengine si wakati wake. Imebaki sehemu ya mwisho, ile ya vijana wa siku hizi. Inahitaji sauti ya mwanamke. Watu wananiuliza kila siku, yule dada yuko wapi? Hawamtaki mwingine. Wanasema tunapatana."

Martina alimtazama akaona kwamba hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaomba kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Sauti ya Yeremia aliweza kuitoa na kuweka yake. Ya Martina hakuweza kuitoa, akaiacha, na kwa sauti hiyo watu wakaamini vingine vyote. Ni yeye aliyeita kwenye ule wimbo. Alimwita ndugu yake, na aliyeitika ni mwingine, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu dada mwenyewe alisikika akiendelea kuimba.

"Nipe sauti yangu," alisema.

"Ipi?"

"Ya ule wimbo. Ya kwangu peke yake, ilivyoingia kwenye maiki yangu. Hiyo hukuifuta."

"Utaifanyia nini? Haina kinanda, haina mwanamume, ni wewe tu na mapengo." Alishaanza kuitafuta kwenye kompyuta, amefarijika kupata kitu anachoweza kutoa. "Halafu nikutahadharishe, ina kelele nyuma. Nimejaribu kuzisafisha imeshindikana. Kwenye spika kubwa, mimi nikiimba juu yake, hazisikiki. Lakini peke yake zinakera."

Martina akakumbuka neno la mama, kwamba nyuma ya huyu kuna mtu. Akauacha uso wake ulivyokuwa.

"Nipe hivyohivyo."

Fredrick akaihamishia kwenye flashi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Hii tu, dada?"

"Inanitosha."

"Na ile sehemu ya mwisho?"

"Tafuta mwingine," Martina alisema, akatoka, akaiacha soda haijafunguliwa.

*

Alikwenda kwa baba mdogo Simeoni kuazima redio ya Yeremia, ile yenye spika mbili na tundu la flashi. Baba mdogo alimpa bila kuuliza, ila alisema, "Msalimie yule kijana Fredi, akija tena aje na kile kipindi." Martina akasema sawa.

Ilikuwa alasiri. Mama alikuwa uani anapepeta uwele, na makapi yanaruka kuelekea barabarani. Martina akaweka redio juu ya kinu kilichogeuzwa, akachomeka flashi.

Sauti yake ikatoka kavu, bila kinanda, ya karibu mno, hata kuvuta pumzi kunasikika. Uwele umeiva, ndege wamejaa. Mama akaendelea kupepeta. Wewe uko wapi nikikuita? Kisha sauti yake ikakoma, likabaki pengo, na kwenye lile pengo, kutoka sakafuni upande wa pili wa chumba, kupitia kwenye maiki isiyokuwa yake, mtu akaimba kwa mbali.

*Niko mbali, dada...*

Ungo ukasimama hewani.

"Si nilikwambia," mama alisema. "Si nilikwambia yupo?"

"Ulisema, mama."

"Yuko kama alivyokuwa akisikika kule chini kwenye korongo."

Hakulia. Aliweka ungo chini, akavuta kigoda mpaka goti lake likagusa kinu. Wakasikiliza. Yeremia alikuwa mwembamba kama uzi, na kila alipoanza kusikika, Martina wa kwenye redio alirudi na ubeti mwingine, akamfunika.

"Mbona wewe unapiga kelele hivyo?" mama alisema kwa hasira ya kweli. "Mwache mwenzio."

"Ndivyo tulivyorekodi, mama."

Wimbo ukaisha. Martina alinyoosha mkono kuzima, lakini flashi ilikuwa bado inasema. Yeremia akakohoa, akakohoa tena. Kisha kwa mbali, maneno yakikatika:

"Fredi. Ukitutaja kwenye kipindi, jina la dada lianze. Langu lifuate."

"Na langu?" Hiyo ilikuwa sauti ya karibu kabisa, safi, inayocheka.

"La kwako mwisho. Wewe ndiye utakayebaki kutusemea."

"Nimekuelewa, kaka. Lala sasa."

Ikakatika.

"Huyo si Fredi?" mama aliuliza.

"Ndiye. Alikuwa amekaa karibu na maiki yangu."

"Mbona yeye anasikika vizuri?"

Martina alikuwa anafikiri kwamba yeye alikuwepo pale chumbani, amesimama hatua mbili kutoka kwao, na hakuyasikia maneno yale. Alikuwa anakunja kanga yake, anawaza bajaji ya kurudi. Aliyeyasikia ni Fredrick, na Fredrick alipokuwa akihangaika kuyasafisha aliyasikia tena, na tena.

"Rudisha," mama alisema. "Rudisha pale anapoitika."

Akarudisha. Safari hii akaweka kidole kwenye kitufe cha sauti. Alipoanza kuimba yeye, akajishusha mpaka akawa mnong'ono. Ilipokaribia zamu ya Yeremia, akapandisha, akapandisha mpaka spika zikaanza kukwaruza, na mama akainama akaweka sikio kwenye chuma.

Ndipo bodaboda ikaingia barabarani kutoka upande wa mnadani, redio yake imefunguliwa mpaka mwisho. Waliisikia kabla haijaonekana. "Mimi ni mtoto wa Kinyangiri," ilisema. "Nikiwa mdogo, mimi na dada yangu..."

Martina akabonyeza, akaisimamisha flashi. Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye spika. Wakakaa hivyo, wakamngoja apite.